Shajara ya Takumar: kuondoa umanjano bila kugusa tabia

Siku ya 1

Leo mjomba amenikabidhi kamera aliyofanyia kazi katika studio yake hapa Tanga tangu miaka ya 1970: Asahi Pentax Spotmatic yenye lenzi ya Super-Takumar ya milimita 50, ambayo tundu lake hufunguka hadi f/1.4 (namba ikiwa ndogo, tundu huwa pana zaidi). Shata ya kamera imekwama na sina haraka nayo. Ninachokitaka ni lenzi. Nimeanza shajara hii ili niandike, hatua kwa hatua, namna nitakavyoirudisha kazini kwenye kamera yangu ya kidijitali, na katika kufanya hivyo nitenganishe mambo mawili ambayo wapenzi wa lenzi za zamani huyachanganya: tabia ambayo lenzi ilizaliwa nayo, na maradhi iliyoyapata uzeeni.

Mkanganyiko huo umeanzia nyumbani. Nilipoifungua lenzi na kuishika juu ya karatasi nyeupe, karatasi ilionekana kana kwamba imemwagiwa chai ya rangi. Nikamweleza mjomba kwamba rangi hiyo nitaiondoa. "Mjomba," akaniambia, maana sisi wawili huitana hivyo, "ukiitoa hiyo umeitoa roho yake. Watu walikuwa wanakuja kwangu kwa ajili ya lenzi hiyo." Sikumbishia. Nimeyaandika maneno yake hapa ili nimrudie nikiwa na ushahidi.

Zaidi ya rangi, nimeona fangasi wenye nyuzi kama utando wa buibui kwenye ukingo wa kundi la vioo vya mbele, vumbi la kawaida, na mikwaruzo miwili midogo isiyonitia wasiwasi. Mapazia ya tundu ni makavu na yanafunga upesi. Pete ya fokasi inazunguka kwa ulaini ambao sijawahi kuupata katika lenzi mpya niliyoweza kuinunua.

Siku ya 2

Kwanza nilihakikisha ni toleo lipi. Asahi walitoa f/1.4 hii mwaka 1964, mwaka uleule Spotmatic ilipoingia sokoni, na toleo la kwanza lilikuwa na vioo 8 katika makundi 6, vitatu kati yake vikiwa vimegandishwa pamoja. Haukupita muda mrefu likafuatiwa na toleo la vioo 7 katika makundi 6, ambalo ndilo lililoenea duniani. Toleo la vioo 8 halina thoriamu, metali yenye mionzi inayokigeuza kioo kuwa manjano, na kioo chake cha nyuma kimechomoza zaidi. Hii yangu haikuchomoza hivyo na imegeuka manjano, basi ni ya vioo 7.

Thoriamu ndiyo kiini cha habari yote ya rangi. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.4 inahitaji kuingiza mwanga kupitia duara la karibu milimita 36, ambapo ile ya f/2.8 ingetosheka na milimita 18 na kupitisha robo tu ya mwanga huo. Duara likiwa pana kiasi hicho, miale ya pembezoni hulazimika kupindwa kwa ukali sana ili ikutane na miale ya katikati, na ukali huo huzaa kasoro. Dawa mojawapo ni kutumia kioo chenye nguvu zaidi ya kupinda mwanga, ili mikunjo ya vioo iwe ya upole. Tatizo ni kwamba vioo vyenye nguvu hiyo kwa kawaida hutawanya rangi pia, nyekundu ikienda kwake na bluu kwake. Oksidi ya thoriamu ikichanganywa katika kioo hutoa nguvu ya kupinda bila kutawanya rangi kwa kiasi hicho, na ndiyo maana viwanda kadhaa viliitumia katika lenzi za miaka ya 1940 hadi 1970, ikiwemo Aero Ektar ya Kodak iliyopiga picha za angani wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Gharama ya fadhila hiyo huja polepole. Thoriamu hutoa mionzi, na mionzi hiyo hung'oa elektroni ndani ya kioo na kuziacha zimenaswa kwenye dosari ndogondogo za muundo wake. Kila penye elektroni iliyonaswa hufyonza mwanga wa bluu, na bluu ikipungua jicho huona manjano, kisha kahawia. Hakuna uchafu wala rangi iliyopakwa hapo, kwa hiyo hakuna kitambaa wala dawa ya kusafishia itakayosaidia.

Je, ni hatari? Mionzi mingi ya thoriamu yenyewe ni ya alfa, ambayo karatasi moja huizuia, ingawa vizazi vyake, yaani elementi inazogeuka kuwa, hutoa pia beta na gama. Kwa mtu anayepiga picha na kuirudisha lenzi sandukuni sioni sababu ya kuogopa. Lakini sitakisugua kioo hicho kwa unga wa kung'arishia, sitakitumia kama kioo cha kuchungulia jichoni, na kikivunjika sitafagia vumbi lake kwa mkono mtupu. Wala siiweki chini ya mto, ingawa naipenda.

Siku ya 3

Vipimo vya kuanzia. Lenzi za Spotmatic hufungwa kwa skrubu ya M42, yaani kipenyo cha milimita 42 na hatua ya milimita 1, na umbali wake kutoka mdomo wa kamera hadi kwenye filamu ni milimita 45.46. Kamera yangu ina umbali wa milimita 18, basi adapta ni bomba tupu la chuma lenye urefu wa milimita 27.46, lisilo na kioo chochote ndani. Hilo ni jambo la maana: ninachokiona kwenye picha ni kazi ya Takumar peke yake.

Nilipiga picha ya karatasi nyeupe kwenye kivuli cha ukumbi saa nne asubuhi, mizani ya rangi ikiwa imefungwa kwenye mwanga wa mchana isijirekebishe yenyewe. Katikati ya karatasi nilisoma nyekundu 231, kijani 214, bluu 139, kila rangi ikihesabiwa kuanzia 0 hadi 255. Kasi ya shata iliyohitajika ilikuwa 1/60. Hizi ndizo namba nitakazorejea.

Jioni niliomba albamu za mjomba. Nyingi ni picha nyeusi na nyeupe za pasipoti, harusi na watoto waliovalishwa kwa ajili ya Idi. Nilizitazama kwa kioo cha kukuzia kwa muda mrefu. Katika zile alizopiga kwa tundu lililofunguka sana, nyusi na kope zimekaza, lakini pembezoni mwa shavu lililopigwa na taa kuna mwanga mwembamba unaofurika kidogo nje ya mstari wake, kama taa inayoonekana kupitia chandarua. Hicho ndicho watu walichokuwa wakikifuata. Na wakati huo lenzi ilikuwa mpya. Umanjano ulikuwa bado haujaja.

Siku ya 4

Kusafisha fangasi. Hali ya hewa ya pwani yetu ni adui wa kila kioo, na lenzi iliyolala ndani ya mfuko wa ngozi kabatini imeandaliwa shamba. Pete ya mbele yenye jina la lenzi haina mashimo ya kushikia. Inafunguliwa kwa kubanwa na mpira na kuzungushwa. Nilitumia kizibo cha mpira cha bomba la sinki, ambacho kwa bahati kina upana unaofaa. Kundi la mbele lilitoka bila ugomvi. Nilifuta kwa alkoholi ya isopropili na karatasi ya lenzi, kutoka katikati kwenda nje, nikibadilisha karatasi kila mfuto. Nyuzi zimeondoka. Zimebaki alama mbili hafifu mahali fangasi walipokuwa wameanza kula tabaka la juu ya kioo, na hizo hazitoki.

Tabaka hilo linastahili maneno machache. Kila uso wa kioo usiopakwa chochote hurudisha karibu asilimia 4 ya mwanga unaoufikia. Lenzi hii ina makundi 6, yaani nyuso 12 zinazogusana na hewa, na bila tabaka ingepitisha asilimia 61 tu ya mwanga, huku sehemu ya uliobaki ikizunguka ndani na kuifanya picha iwe ya kijivu. Muundo wenyewe ni wa zamani kuliko watu wanavyodhani: umetokana na darubini aliyoipendekeza Carl Friedrich Gauss mwaka 1817, ukafanywa lenzi ya kamera na Paul Rudolph wa kampuni ya Zeiss katika Planar ya mwaka 1896, kisha ukakaa pembeni kwa miaka mingi kwa sababu ya nyuso zake nyingi. Ni baada ya Olexander Smakula, wa Zeiss pia, kusajili hataza ya kupaka tabaka mwaka 1935 ndipo njia ilipofunguka kwa lenzi kama hizi. Super-Takumar ina tabaka jepesi. Lile la tabaka 7 lilikuja mwaka 1971, na Asahi wakabadilisha hadi jina, wakaiita Super-Multi-Coated Takumar.

Siku ya 5

Kosa langu. Tiba ya umanjano ni miale ya urujuanimno, ambayo huzipa elektroni zilizonaswa nguvu ya kujinasua na kurudi mahali pake. Nikasema, nani anahitaji taa wakati jua la Tanga lipo bure? Nikaiweka lenzi kwenye kibaraza, kioo cha nyuma kikitazama juu, na karatasi ya alumini chini yake. Baada ya saa moja nilipoishika ilinichoma vidole. Grisi ya pete ya fokasi ilikuwa imeanza kulegea, na doa la mafuta lenye ukubwa wa punje ya mtama lilikuwa limefika kwenye pazia moja la tundu. Tena nilikuwa nimesahau jambo ambalo kila mtoto aliyewahi kuunguza jani kwa kioo analijua, kwamba lenzi hukusanya jua mahali pamoja. Kama isingekuwa alumini ya chini, ningekuwa nimetoboa jamvi la mjomba, au zaidi ya jamvi.

Nimelifuta doa. Jua nimeliacha.

Siku ya 6 hadi 12

Dada yangu ana saluni Ngamiani, na taa anayokaushia rangi ya kucha hutoa urujuanimno wa mawimbi ya karibu nanomita 365 hadi 405. Nimeiazima ile ya akiba. Nimeilaza kifudifudi juu ya sanduku, lenzi ikiwa ndani na kioo cha nyuma kikielekea kwenye balbu, kwa sababu vioo vya thoriamu viko upande huo na sitaki miale ipoteze nguvu kwa kupita kwanza katika vioo vya mbele. Mbele nimefunika kwa alumini ili miale iliyopita irudi tena. Nimefunika sanduku zima kwa kitambaa cheusi, maana macho hayana sababu ya kulipia matengenezo ya lenzi.

Shida pekee ni kwamba taa hizi zimetengenezwa kwa ajili ya vidole, na hujizima kila baada ya sekunde 99. Siku ya kwanza nilikaa kando yake nikibonyeza kama mtu anayepiga simu isiyopokewa. Siku ya pili nikagundua kwamba ina kihisio cha mkono kinachoiwasha mfululizo kama kitu kiko mbele yake, nikabandika kipande cha mti hapo na kwenda kulala.

Maendeleo hayakuwa ya mstari ulionyooka. Bluu ilipanda kutoka 139 hadi 176 katika siku mbili za kwanza, ikafika 201 siku ya nne, kisha ikaanza kujikokota. Leo, siku ya saba ya taa, nimesoma nyekundu 231, kijani 229, bluu 217, na kwa siku mbili haijasogea tena. Kasi ya shata kwa mwangaza uleule sasa ni 1/80, yaani theluthi ya stopu imerudi (stopu moja ni mwanga mara mbili). Kuna wanaoendelea kwa wiki kadhaa wakitafuta weupe kamili. Mimi nimesimama hapa, kwa sababu tofauti iliyobaki kamera inaifuta yenyewe bila kuongeza chengachenga, ambapo ile ya mwanzo ililazimu kuikuza bluu kupita kiasi na kila kivuli kikajaa chembe.

Siku ya 14

Sasa ndipo lenzi ilipoanza kusema kwa sauti yake. Nimepiga picha siku nzima, na nitaeleza kwa kirefu kwa kuwa hii ndiyo sababu ya kazi yote.

Katika f/1.4, katikati ya picha kuna makali ya kutosha kuhesabu nyuzi za kofia ya mjomba, lakini makali hayo yamevikwa utaji mwembamba wa mwanga. Chanzo chake kinajulikana: miale inayopita pembezoni mwa kioo cha umbo la tufe haikutani hasa mahali ilipokutana ile ya katikati, kwa hiyo kila nukta hupata kiini kilichokaza na duara hafifu kukizunguka. Mhunzi wa lenzi wa leo, akiwa na kompyuta na vioo visivyo vya umbo la tufe, angeifuta kasoro hiyo karibu yote. Wa miaka ya 1960 alilazimika kuchagua abakishe kiasi gani na aiweke wapi, na mimi naona waliichagua vizuri. Juu ya ngozi ya mtu mzima utaji huo una heshima. Haufichi makunyanzi, unayapunguzia ukali tu. Juu ya maandishi meusi kwenye ukuta mweupe unaudhi.

Nikifunga hadi f/2 utaji hupungua nusu, na kufikia f/2.8 umekwisha, katika f/5.6 ni lenzi kali ya kawaida ambayo sioni mtu akiitofautisha na ya kisasa. Kwa hiyo pete ya tundu hapa haipimi mwanga pekee. Inabadilisha tabia ya picha nzima, na mpiga picha anayeizoea huichagua namba kama mpishi anavyochagua moto.

Upungufu wa kina ni jambo la pili. Kwa umbali wa mita 1 na f/1.4, kinachokaza ni kama sentimita 3 tu kutoka mbele hadi nyuma. Kwa umbali wa chini kabisa wa sentimita 45, ni milimita 6. Ukilenga kope, sikio limeshaondoka. Nilipoteza picha nyingi za mjomba kwa sababu alikuwa akicheka na kusogea. Kukuza sehemu ya picha kwenye kioo cha kamera kabla ya kupiga ndiko kulikonisaidia, pamoja na kupumua taratibu.

Kilichobaki nje ya fokasi ndicho Wajapani hukiita boke, na wapiga picha wa kila mahali wameliazima neno hilo. Katikati ya fremu, taa za mbali huwa miduara kamili. Kadiri zinavyoelekea pembeni hubanwa zikawa kama punje za tende, kwa sababu bomba la lenzi huanza kukata mwanga unaoingia kwa mshazari. Baadhi ya miduara ina ukingo unaong'aa kuliko katikati yake, na nyuma ya picha pakiwa na majani mengi, kingo hizo hugongana na kuleta vurugu. Nimejifunza kumweka mtu mbele ya ukuta wa chokaa au bahari, na si mbele ya mkaratusi. Nikifunga tundu, mapazia 6 huigeuza miduara kuwa pembesita, jambo ambalo mimi nalipenda na dada yangu hulicheka.

Kasoro moja siwezi kuitetea. Jua likiingia ndani ya fremu, au hata likisimama karibu nje yake, kontrasti huporomoka na picha huvaa shela jeupe. Tabaka la Super-Takumar haliwezi kupigana na jua la saa kumi. Mkono wa kushoto juu ya lenzi umetosha kwa sasa.

Siku ya 15

Usiku umeme ulikatika, na mjomba akatoa karabai yake ya zamani, akaipampu mpaka ikaanza kuvuma. Nikakumbuka kwamba kile kifuko cha wavu kinachowaka ndani yake, katika karabai za zamani, ni oksidi ya thoriamu pamoja na seriamu kidogo, kwa mapishi ya Carl Auer von Welsbach ya mwaka 1891. Pwani nzima imevua dagaa kwa thoriamu.

Nilimpiga picha akiwa kando ya taa hiyo, f/1.4, shata 1/125, unyeti wa ISO 800. Zamani, kwa lenzi yangu ya kawaida ya f/3.5, ningehitaji mara 6 ya mwanga huo. Upande mmoja wa uso umewaka, utaji umeufuata mstari wa pua na ndevu, na nyuma yake giza limekuwa laini bila kuwa tope.

Leo nimempelekea ushahidi wangu: picha mbili zilizochapishwa kwa ukubwa uleule, moja ya siku ya 3 na nyingine ya juzi, zote za kiti kilekile ukumbini, pamoja na picha yake mwenyewe ya bibi harusi kutoka kwenye albamu. Alizitazama kwa muda. Aliipenda ya manjano, akasema inafanana na magharibi. Kisha akaichukua ya bibi harusi, akaiweka kando ya ile safi, akafuata kwa kidole mwanga wa shavuni katika zote mbili. "Hii ni ileile," akasema. Baada ya muda akaongeza kwamba hata hivyo ningemwachia umanjano kidogo.

Siku ya 21

Lenzi imeingia kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa mpira, pamoja na mifuko ya jeli ya silika na kipimo kidogo cha unyevu, ambacho nataka kibaki kati ya asilimia 40 na 50. Mfuko wa ngozi nimeutundika ukutani kama pambo. Harufu yake ni nzuri, lakini ndio uliolea fangasi.

Nusu-uhai ya thoriamu ni miaka bilioni 14, basi kioo kitaendelea kujipaka chai polepole na mjomba atapata umanjano wake bila mimi kumwachia. Taa nimeirudisha Ngamiani kwa sharti kwamba nitaiazima tena. Ndani ya kifuniko cha nyuma nimebandika kipande cha utepe wa karatasi wenye tarehe ya leo na namba moja: bluu 217.